Nusu ya Thumni
Mazungumzo mbele ya wazee na vijana, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, nashukuru kwa kuniita. Nimesomesha skuli za kisiwa hiki miaka mingi, na tangu nilipostaafu kazi yangu kubwa ni kuwatafuta watu wetu waliotangulia: walizaliwa wapi, walioana na nani, walifariki lini. Mmeniomba nizungumze juu ya vyeti na madaftari ya kuzaliwa, ndoa na vifo, na namna yanavyotusaidia kuijua nasaba yetu. Nitaanza na karatasi hii niliyoishika.

Mtaniwia radhi, sitaipitisha mkononi kwa sababu imechakaa. Ni hati ya ndoa ya bibi yangu mzaa mama. Ilikaa ndani ya bati la biskuti, chini ya kanga zake, mpaka alipofariki. Pembe ya juu, upande wa kulia, imeliwa na mchwa, na palipoliwa ndipo palipokuwa na tarehe. Mama yangu aliniambia, "Hiyo haifai kitu tena, mwaka haumo." Nami nikamsadiki. Nilikaa nayo miaka minne sijaisoma, na hilo nalijutia hasa, kwa kuwa mle mlikuwa na mambo niliyohangaika kuyatafuta kwengine.

Mstari wa mahari umeandikwa rupia arubaini. Rupia ilikuwa fedha ya Zanzibar mpaka mwisho wa 1935, na Januari 1936 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba wazee waliendelea kuhesabu kwa rupia mdomoni kwa muda mrefu, kwa hiyo huu si ushahidi wa kukata. Lakini ulitosha kuniambia nianze kutafuta 1935 kurudi nyuma, nisipoteze siku zangu kwenye madaftari ya baada ya Vita vya Pili. Mchwa walikula tarehe, mahari wakaiacha.

Sasa teremkeni chini kidogo, kwenye jina la walii, yaani mwanamume mwenye haki ya kumwozesha bibi harusi. Nyumbani kwetu tulikuwa tukisimuliwa kwamba baba yake bibi ndiye aliyemwozesha binti yake kwa mkono wake, akachinja ng'ombe, na watu wakala siku mbili. Hadithi hiyo nimeisikia tangu mdogo. Hati inasema walii ni kaka yake.

Nyote mliopita chuoni, yaani madrasa, mnalijua hili. Katika madhehebu yetu ya Shafi, walii wa mwanamke ni baba. Baba akikosekana, babu mzaa baba. Hayupo, ndugu wa baba na mama mmoja, kisha ndugu wa kwa baba, kisha watoto wao wa kiume, ndipo tufike kwa maami, ndugu wa kiume wa baba. Na kama baba yu hai lakini amesafiri mbali, uwalii hauendi kwa kaka, unakwenda kwa kadhi. Kwa hiyo neno "kaka yake" katika mstari ule lilikuwa linaniambia kitu kizito: siku bibi yangu alipoolewa, baba yake alikuwa ameshafariki, na babu yake pia. Hata hivyo, jihadharini na neno moja. Baba anaweza kumwakilisha mtu mwengine amwozeshee, na huyo ni wakili, si walii. Isome hati herufi kwa herufi ujue imeandikwa lipi. Yangu imeandikwa walii.

Aliyechinja ng'ombe, basi, alikuwa kaka. Wasimulizi hawakusema uongo. Kaka huyo alimlea bibi, na watoto wake bibi walimwita babu, na huko ndiko mambo yalikochanganyika.

Baada ya hapo nilijua ninachokitafuta: mtu aliyefariki kabla ya ndoa ile, aliyeacha shamba la mikarafuu. Penye shamba pana mirathi, na penye mirathi pana karatasi. Nilivuka bahari mara tatu kwenda Nyaraka za Taifa, pale Kilimani, Unguja, kupekua majalada ya mahakama ya wakati wa Waingereza. Safari ya tatu nikampata. Jalada jembamba, kurasa tano tu, na mbili kati yake zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nilizinakili, nikarudi nazo Wete kwa mwalimu wa chuo, akanisomea taratibu, kila neno mara mbili.

Majina ya warithi yalikuwa tunayoyajua: mjane, kaka mtu, na bibi yangu. Lakini mwalimu alipofika kwenye fungu la mjane alinyamaza, akarudi nyuma, akasoma tena: nusu ya thumni. Akaniuliza, "Mwalimu, mzee wenu alikuwa na wake wangapi?" Nikamwambia mmoja. Akatikisa kichwa.

Mtu akifa na watoto anao, mkewe anapata thumni, sehemu moja katika nane. Wakiwa wake wawili, hawapati thumni mbili, wanaigawana ile ile moja. Mjane aliyepewa nusu ya thumni ana mwenzake. Tukafungua ukurasa wa mwisho, na kweli, chini kabisa yupo mwanamke wa pili, na binti yake, na jina la mahali: Mkokotoni, Unguja.

Mama yangu alikuwa na umri wa miaka sabini na tatu siku niliyomwambia kuwa mama yake alikuwa na dada. Hatukuwahi kumjua. Yule binti alikuwa ameshafariki, lakini mwanawe wa kike tulimpata, bibi mkubwa, akili yake timamu. Alituambia mama yake aliletewa fedha kutoka Pemba mara moja tu, za urithi, akanunua cherehani. Cherehani hiyo ipo. Iko ukumbini, imefunikwa kitambaa cheupe, na mama yangu aliweka mkono juu yake akakaa hivyo muda mrefu.

Nimewasimulia hayo kwa urefu kwa sababu watu wengi wanapopata cheti wanasoma jina la mwenyewe na tarehe, basi, wanakikunja. Jina la mwenyewe unalijua tayari, ndilo lililokupeleka ofisini. Wasomeni walio pembeni. Kwenye ndoa, walii na mashahidi wawili: mashahidi mara nyingi ni ami, mjomba, jirani, mume wa dada. Kwenye kuzaliwa, aliyepeleka taarifa. Akiwa ni bibi mzaa mama, jiulizeni baba alikuwa wapi wakati huo; pengine bara, pengine baharini, pengine waliachana. Kwenye kifo, aliyetoa habari na uhusiano wake na maiti.

Kwenye cheti cha kuzaliwa kuna tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kuandikishwa. Ikiwa zimepishana siku chache, taarifa ni mbichi na inaaminika. Zikipishana miaka ishirini, mtu aliandikishwa alipohitaji kitu: kazi, pasi ya kusafiria, safari ya Hija. Hapo tarehe ya kuzaliwa imekisiwa, na mara nyingi utakuta tarehe 1 Januari au 1 Julai. Ikamateni kwa mkono mwepesi. Na kumbukeni daftari hupangwa kwa siku ya kuandikishwa. Mtu wa 1940 anaweza kuwa amekaa ndani ya daftari la 1965.

Lakini kabla ya kwenda ofisi yoyote, kaeni na wazee, na muwasikilize kwa hesabu yao, msiwalazimishe ya kwenu. Mzee akikwambia alizaliwa usiku wa Ijumaa, saa tatu, usiandike Ijumaa. Siku yetu huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, na karani wa hospitali aliuandika Alkhamisi. Nimeona ndugu wanagombana kwamba cheti kimekosewa siku, kumbe mama na karani wote wawili walisema kweli.

Miaka nayo. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila miaka 33 ya Hijria ni takriban miaka 32 ya kalenda ya ofisini. Mzee aliyehesabu umri wake kwa Ramadhani alizofunga ataonekana mkubwa kuliko cheti chake kwa mwaka mmoja, miwili, hata zaidi akiwa amezeeka sana. Hakudanganya.

Waulizeni kilichokuwa kikitokea. Mama mmoja aliniambia alizaliwa katika mfungo ule ule wa Mapinduzi. Mapinduzi ni 12 Januari 1964, na Ramadhani ya mwaka huo iliandama siku tatu nne baadaye. Basi yeye amezaliwa kati ya katikati ya Januari na katikati ya Februari 1964, na tukamkuta kwenye daftari kwa nusu saa. Wengine wanakumbuka kifo cha Sultani Khalifa bin Haroub, Oktoba 1960. Wengine fujo za uchaguzi wa Juni 1961. Walio na hadithi za babu zao watakutajia manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyozamishwa na Wajerumani bandarini Unguja Septemba 1914, au kimbunga cha 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja. Kwa wakulima wetu, ulizeni pia mwaka wa mavuno makubwa ya karafuu. Hayo yanapishana kijiji na kijiji, lakini ndani ya familia moja yanapanga ndugu vizuri: nani alikuwa anapanda mti, nani alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Majina yetu yana neema na yana taabu. Neema ni kwamba kila mtu anabeba baba na babu yake, vizazi vitatu kwenye mstari mmoja, na mwanamke wetu akiolewa habadilishi jina. Bint Faki anabaki Bint Faki mpaka kaburini. Wenzetu wa nchi nyingi wanahangaika kutafuta ukoo wa bibi zao waliozaliwa nao, sisi tunao umeandikwa. Taabu ni kwamba mjukuu hupewa jina la babu: Hamad Faki Hamad, baba yake Faki Hamad Faki, na kijiji kimoja kina watatu wa namna hiyo. Usichukue cheti cha Hamad Faki wa kwanza utakayemuona. Tafuta jina la nne, jina la mama, na shehia, yaani eneo linaloongozwa na sheha. Na kwa akina mama kuna la ziada: nyumbani wanaitwa Mama Fulani, au kwa jina la utani, mpaka watoto wenyewe hawajui jina la mama yao. Ulizeni jina lake la chuoni. Hilo ndilo lililofika kwa kadhi.

Tahajia msiiamini. Khamis ataandikwa Hamisi, Hamad atakuwa Hamed, Mwanaisha atagawanywa vipande viwili. Karani aliandika alichokisikia, na aliyesema pengine alikuwa na msiba.

Kwenye karatasi za zamani mtakutana na mstari wa kabila, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu. Mtu yule yule anaweza kuandikwa Mswahili kwenye hati moja, Mshirazi kwenye nyengine, na Mwarabu kwenye ya tatu. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931 walioandikwa Waswahili walipungua mno, na si kwamba walikufa au walihama. Watu walijitaja kwa namna nyengine, kwa sababu jina la kabila lilikuwa na uzito wake mbele ya serikali ile, na katika heshima. Andikeni kila jina mlilolikuta pamoja na mwaka wake. Msichague moja mkafuta mengine.

Na wengine wetu tutakuta utumwa. Nasema wengine wetu, na simtazami mtu. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kisheria, na mahakama zikaandika majina ya walioachwa huru, Unguja na Pemba. Masuria, yaani wajakazi waliowekwa na mabwana zao kama wake, hawakuhusishwa katika amri ile. Sheria iliwafikia mwaka 1909. Bibi mmoja alinijia akiwa na wasiwasi, amekuta kwenye jalada kwamba mama wa babu yake alikuwa suria. Alitaka kuirudisha karatasi pale pale na asimwambie mtu. Nilimwonesha mafungu ya mirathi chini yake. Mtoto wa suria na mtoto wa mke wa ndoa, wote wa kiume, wamepata sawa sawa, kwa sababu dini haikuwatenga. Kisha nikamwonesha jina la yule mama. Lilikuwepo, kamili. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyelitamka nyumbani kwao, lakini karani wa mahakama alikuwa ameliandika. Alilinakili kwa mkono wake mwenyewe.

Vifo ndivyo vinavyonisumbua zaidi. Sisi tunazika haraka, na ndivyo tulivyoamrishwa. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri ameshasaliwa. Makaburi yetu mengi hayana maandishi, ni mawe mawili na mti. Baada ya hitma watu wanarudi makondeni, na kuandikisha kunasahauliwa isipokuwa pana mali ya kugawa. Matokeo yake madaftari ya zamani yana wanaume wenye mashamba wengi kuliko wanawake wasio nayo, na watoto wachanga karibu hawamo. Ukikosa kifo cha mtu, zunguka upande wa pili. Mjane wake aliolewa tena? Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue akiwa mjamzito. Ukiipata ndoa ya pili ya mjane, rudi nyuma miezi minne na siku kumi. Kama mjane hakuwa mjamzito, mume wa kwanza alifariki kabla ya hapo. Lakini hakikisheni kwanza kwamba hakuachwa, kwa maana talaka nazo zina daftari lake.

Kwa walio hai, njia imerahisika. Tangu sheria namba 3 ya 2018 tuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na kuzaliwa, kifo, ndoa na talaka viko chini ya paa moja, na ofisi zipo wilayani: hapa Chake, Wete, Micheweni, Mkoani. Anzieni kwa sheha wenu, nendeni na majina matatu na zaidi, jina la mama, mahali, na mwaka hata kama ni wa kukisia. Aliyezaliwa Tanga au Dar es Salaam msimtafute huku, yupo upande wa bara, kwa RITA, wakala wa usajili wa huko. Na nendeni kwa adabu. Ofisi moja niliwahi kuambiwa daftari nilitakalo limeharibika kwa maji, nikaondoka na hasira zangu. Mwaka uliofuata nikarudi, nikakaa, nikazungumza, karani mwengine akalitafuta, akalikuta kabatini limelazwa chini ya mengine. Lilikuwa na unyevu tu.

Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikija huku kwetu, wengi wa jamaa zetu miili yao haikupatikana. Kama ipo familia ambayo mpaka leo haijaandikisha kifo cha mtu wake wa usiku ule, nawaomba kwa mapenzi yote, nendeni mkaulize. Hana kaburi ambalo wajukuu watalizuru. Jina lake na liwe mahali.

Nimekuja na madaftari ya skuli kumi na mawili, na kalamu. Vijana wa nyuma, njooni mbele, kila mmoja akae na mzee wake, na kama hapa huna mzee, chukua wa mwenzio. Msianze kwa kuuliza mwaka. Nami nitaanza na bi mkubwa aliyekaa karibu na dirisha, ambaye wakati naingia aliniambia amezaliwa usiku, mvua ya vuli inanyesha, na baba yake yuko dago, kambi ya wavuvi. Bibi, ulikuwa usiku wa kuamkia siku gani? Na aliyekwenda kumwita mkunga ni nani?